Mombasa Mpya: mji ulioonyeshwa 2003, ukatupwa, ukarudi 2024



Kila video mpya ya gemu inapotoka, hapa Eldoret mambo huwa ni yale yale. Kiungo kinatumwa kwenye kundi la WhatsApp, vijana wanaitazama kwenye simu wakiwa ndani ya matatu ya Langas au ya Annex, na kabla video haijaisha ubishi umeshaanza. Hiyo ni gemu yenyewe au ni filamu? PS4 yangu itaweza hiyo? Nianze kuweka akiba leo?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na kila nikitazama video hizo najiuliza swali moja tu: hapa ni nini hasa kinachoendeshwa? Maana kuna tofauti kubwa kati ya programu inayofanya kazi na programu iliyofanywa ionekane kama inafanya kazi mbele ya wageni. Aliyewahi kumwonyesha mteja mfumo ambao haujakamilika ananielewa vizuri :-)

Swali la "gemu au filamu" lina historia ndefu, na kipande chake kitamu zaidi kilitokea Mombasa. Ndiyo, Mombasa hii hii yetu ya pwani. Mwaka 2003 ulimwengu wa gemu ulionyeshwa vita ndani ya mji wa Kenya, watu wakapiga makofi, wakasubiri mwaka mmoja na nusu... halafu mtaa ule walioonyeshwa haukuuzwa kamwe. Ilichukua zaidi ya miaka 21 kabla ya mtu wa kawaida kuruhusiwa kutembea ndani yake.

Tuanze mwanzo.

Los Angeles, Mei 2003

Kulikuwa na maonyesho makubwa ya michezo ya video yaliyoitwa E3. Yalianza mwaka 1995 huko Los Angeles, na Desemba 2023 wenyewe walitangaza kwamba yamefungwa kabisa. Lakini enzi zake, E3 ndiyo ilikuwa sikukuu. Kampuni zilikuwa zikificha kazi zao mwaka mzima ili zizifunue pale kwa siku tatu nne.

Mei 2003 gemu iliyongojewa sana ilikuwa Halo 2. Halo ya kwanza ilitoka Novemba 2001 pamoja na mashine ya Xbox, na ndiyo iliyowafanya watu wengi wainunue mashine hiyo. Watengenezaji wake, Bungie, walikuwa wamenunuliwa na Microsoft mwaka 2000. Kwa hiyo watu walipanga foleni ndefu, wakaingizwa katika chumba chenye skrini kubwa, wakaonyeshwa uchezaji wa dakika chache tu.

Wakaona nini? Mwaka ni 2552. Ndege ya kijeshi inapita juu ya mji ulioshambuliwa, moshi kila mahali. Shujaa wa gemu, Master Chief, anashuka mitaani kuwasaidia askari waliokwama. Ameshika bunduki mbili, moja kila mkono, jambo ambalo halikuwapo katika gemu ya kwanza. Adui anapita kwa kasi na chombo chake, Chief anakirukia, anamtupa nje na kukichukua. Vivuli vinatembea ukutani taa zinapotembea. Watu wakapagawa.

Na mji wenyewe? New Mombasa, yaani Mombasa Mpya. Kenya.

Kwa nini Mombasa?

Katika hadithi ya Halo, Mombasa Mpya ina lifti ya kwenda angani: mnara wa waya unaotoka ardhini hadi nje ya dunia, unaopandisha mizigo bila roketi. Wazo hilo si la Bungie. Wahandisi na waandishi wa hadithi za sayansi walilijadili miaka mingi kabla yao. Fizikia yake ni hii: chombo kikizunguka juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786, kinaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha, kwa hiyo kinabaki juu ya sehemu moja. Teremsha waya kutoka hapo hadi chini na una lifti. Lazima basi uwe karibu na ikweta, na bandari ikiwapo pale pale ni bora zaidi, kwa sababu mizigo inakuja na meli. Mombasa iko kama digrii 4 kusini ya ikweta na ina bandari ya Kilindini. Hesabu inakubali.

(Kwa hesabu hiyo hiyo, Eldoret tuko nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, tena tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, kwa hiyo tungeokoa na kilomita mbili za waya. Tatizo ni bandari. Lakini wajenzi wa lifti wakipita hapa, waambieni mashamba yapo.)

Tusicheke sana, kwa maana pwani yetu ina historia ya kweli ya anga. Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka hapo. Wakaiita Uhuru. Kwa hiyo anayesema mambo ya anga hayahusiani na Waswahili, mwambieni amechelewa miaka mingi kabla hata ya Bungie kuchora kitu.

Ndani ya mashine

Sasa turudi kwenye kile chumba cha giza, tuangalie kilichokuwa kikiendesha zile picha.

Xbox ya kwanza ilikuwa na prosesa ya megahezi 733 na kumbukumbu ya megabaiti 64. Hizo 64 ziligawanywa kwa kila kitu: picha, sauti, akili za maadui, ramani. Simu ya bei ya chini yenye gigabaiti 2 ina kumbukumbu mara 32 ya hiyo. Na gemu ikitaka kuonyesha fremu 30 kwa sekunde, basi kila fremu ina milisekunde 33 tu za kukamilika. Ukizidisha, picha inaanza kukwama kwama.

Siri ya uzuri wa lile onyesho ilikuwa vivuli. Kwa njia ya zamani, mwanga wa mji unakokotolewa mapema ofisini kwa mtengenezaji, kisha unapakwa juu ya kuta kama rangi. Ni rahisi kwa mashine, ila taa ikisogea kivuli hakisogei. Kwa njia waliyoionyesha Bungie, vivuli vinakokotolewa papo hapo. Mashine inachukua taa moja, inatafuta kingo za kila kitu kilicho mbele yake, inachora umbo la giza linaloanzia kwenye kingo hizo, kisha inahesabu kila nukta ya skrini iko ndani ya giza au nje. Halafu inakwenda kwenye taa ya pili na kurudia. Taa kumi, marudio kumi. Na mji mzima uliojaa vita una taa ngapi? Kila bunduki inayofyatuliwa ni taa!

Katika chumba kidogo chenye taa mbili unaweza kumudu. Katika mji ulio wazi, wenye magari na askari na ndege, kwa megabaiti 64... hapana. Chris Butcher, mmoja wa wahandisi wa Bungie, alieleza miaka baadaye kwamba injini yote ya picha waliyoionyesha E3 2003 ilibidi itupwe, kwa sababu gemu kamili isingeweza kamwe kutoka kwenye Xbox ikiwa na injini ile. Na matukio mengi ya onyesho yalikuwa yamepangwa kwa hati: mchezaji akifika hapa, hiki kinalipuka, akifika pale, ndege inapita. Nje ya njia ile iliyopangwa hapakuwa na gemu.

Nataka tuelewane. Haikuwa filamu. Ilikuwa programu ya kweli, ikiendeshwa kweli, na mtu ameshika kidhibiti kweli. Anayeuliza "gemu au filamu?" angejibiwa "gemu", na bado angepotoshwa. Kwa hiyo swali lenyewe ndilo lina kasoro. Linalofaa ni hili: je, hiki ninachokiona kinaweza kuwa gemu ya saa kumi, kwenye mashine niliyo nayo mimi?

Novemba 2004

Baada ya E3 Bungie walibakiwa na kazi ya kuanza upya sehemu kubwa ya gemu, huku tarehe ikikaribia. Mwanga ukarudi kwenye njia ya zamani ya kupakwa mapema. Ramani ya lile onyesho ikawekwa kando. Sehemu ya mwisho ya hadithi, ambapo Chief alipaswa kurudi duniani kumaliza vita, ikakatwa. Wafanyakazi wenyewe wameeleza hadharani jinsi miezi ile ilivyowachosha.

Halo 2 ilitoka tarehe 9 Novemba 2004. Katika saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala milioni 2.4 Marekani na Kanada, mapato ya dola milioni 125. Mombasa ilikuwamo, katika sehemu mbili: moja ya mji wa kale, nyingine ya daraja refu na majengo ya Mombasa Mpya. Bunduki mbili zilikuwamo. Kurukia vyombo kulikuwamo. Lakini mtaa ule wa 2003 haukuwamo, na hadithi ilikatika ghafla kama umeme wa mvua ya Aprili. Aliyeicheza atakumbuka pia jinsi picha zilivyokuwa zikichelewa: uso wa askari unaanza kama udongo uliofinyangwa, kisha sekunde moja baadaye ndipo ngozi na macho yanajaa. Hiyo ndiyo alama ya programu iliyobanwa ndani ya kumbukumbu ndogo kwa haraka.

Mashabiki walipokea vipi? Wengi waliipenda. Uchezaji wake wa mtandaoni ulibadilisha kabisa jinsi watu wanavyocheza kwa pamoja. Lakini lawama moja haikuisha miaka yote: mtaa wetu uko wapi?

Sisi tulikuwa wapi?

Swali zuri. Mwaka 2003 Kenya haikuwa na kebo ya baharini ya intaneti. Kila kitu kilipita kwenye setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Kebo ya SEACOM ilifika Mombasa na kuanza kazi Julai 2009, TEAMS ikafuata mwaka huo huo.

Tufanye hesabu ndogo. Video ya megabaiti 80 ni megabiti 640. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kwa kasi yake kamili bila kukatika, inahitaji kama saa tatu na dakika kumi. Nani amewahi kuona modemu ya laini ya simu ikienda kwa kasi kamili saa tatu mfululizo? Na saiba zilikuwa zinatoza kwa dakika! Kwa hiyo wengi wetu huku bara hatukuwa tunaziona video hizi. Tulikuwa tunaona picha mbili tatu zilizoganda katika gazeti la zamani, au tunasimuliwa na mtu ambaye binamu yake yuko Nairobi, au tunaiona gemu yenyewe miaka kadhaa baadaye kwenye diski isiyo na jalada.

Ajabu ni kwamba mji uliokuwa unapigiwa makofi Los Angeles ulikuwa wetu, na sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kuuona. Maoni yote ya mwanzo kuhusu Mombasa Mpya yaliandikwa na watu ambao hawajawahi kuvuka Likoni kwa feri. Hatukuwa na nafasi ya kusema lolote wakati maneno yetu yangeweza kusikika, yaani kabla gemu haijakamilika. Nadhani hili ndilo jambo linalosahaulika sana: kionjo ndicho kipindi pekee ambacho mtazamaji ana nguvu. Gemu ikishatoka, unabaki kununua au kutonunua tu.

Kenya tena, mara mbili

Kenya haikutoka katika Halo. E3 ya Mei 2006 walionyesha trela ya Halo 3: nyika kavu, mabaki ya ile lifti ya angani, na Chief anatembea kutoka kwenye moshi. Safari hii Bungie walisisitiza kwamba picha zinakokotolewa papo hapo na injini yao. Walikuwa wamejifunza. Gemu ilipotoka Septemba 2007 ilikuwa na sehemu ya barabara ya Tsavo na mji wa Voi. Msafiri wa Nairobi–Mombasa anayeijua Voi kwa kushuka kunyoosha miguu na kununua chai, hebu afikirie Voi yenye kiwanda kikubwa na viumbe kutoka sayari nyingine.

Kisha Septemba 2009 ikaja Halo 3: ODST, ambayo karibu yote iko ndani ya Mombasa Mpya usiku. Humo kuna Kizingo na Kikowani, majina ya mitaa ya kweli ya kisiwani. Kuna Tayari Plaza. Na mhandisi anayehusika na akili bandia inayosimamia mji mzima anaitwa Dakta Endesha. Mtu wa programu inayoendesha mji, jina lake Endesha! Sijui kama aliyelichagua alikuwa anafungua kamusi tu au alikuwa anacheka kimoyomoyo, lakini mimi ninayeandika programu kwa Kiswahili lilinifurahisha sana.

Hata hivyo, angalieni kilichokosekana. Katika video hizi zote mji ni mtupu. Watu wamehamishwa, wamebaki askari wa kigeni na maadui. Majina ni yetu, wenyeji hawapo.

Kijuju na majini yake

Kuna kionjo kingine cha miaka ile ile ambacho wenyeji walikuwapo, na ndipo matata yalipoanza.

Julai 2007, tena E3, Capcom ya Japani ilionyesha trela ya Resident Evil 5. Mwanamume Mzungu mwenye misuli anaingia katika kijiji cha Afrika, wakazi wanageuka kuwa kama wendawazimu wenye kiu ya damu, naye anaanza kuwapiga risasi. Wote Weusi. Blogu ya Black Looks iliandika mwezi huo huo kuilaani trela hiyo, na ikatukanwa vilivyo na mashabiki. Mwaka uliofuata, Aprili 2008, N'Gai Croal wa jarida la Newsweek alisema wazi katika mahojiano kwamba picha zile zinafanana na picha za zamani za kumdhalilisha Mwafrika, na kwamba inaelekea hakuna aliyekuwa karibu na kazi hiyo aliyeona tatizo. Capcom walijibu kwamba hawakukusudia ubaguzi. Katika trela zilizofuata mwaka 2008 akaonekana Sheva Alomar, mwanamke Mwafrika, akipigana bega kwa bega na shujaa. Gemu ikatoka Machi 2009.

Sisi Waswahili tuna jambo letu la ziada. Maadui wa gemu hiyo wanaitwa Majini, wingi wa jini, na wanapokufuata wanapiga kelele kwa Kiswahili. Lakini Kijuju, mahali pa kubuni ambapo hadithi inatokea, panasemwa kuwa Afrika Magharibi! Kiswahili cha mtaani Afrika Magharibi? Ni kama kutengeneza gemu ya Ureno ambamo kila mtu anaongea Kipolandi kwa sababu yote ni Ulaya. Na hapo hatujataja kwamba mtoto wa Lamu akisikia "majini" bila maelezo anaweza kudhani mnazungumza habari za kuogelea.

Mnaona tofauti ya vionjo hivi viwili? Cha 2003 kilikuwa na kasoro ya msimbo, na ilihitaji mhandisi kuijua. Cha 2007 msimbo wake ulikuwa sawa kabisa. Kasoro ilikuwa ya macho, na ilihitaji mtu anayepajua mahali pale. Video moja inaweza kufaulu mtihani wa kwanza na kuanguka wa pili. Watazamaji wengi wanapima ule wa kwanza tu.

Na wengine

Msidhani Bungie walikuwa peke yao. Kwa ufupi:

- Mei 2005 Sony walionyesha Killzone ya PlayStation 3, wakaacha watu waamini ni uchezaji. Ilikuja kujulikana ni filamu iliyotengenezwa na studio ya uhuishaji ya Uskoti. Gemu ilitoka Februari 2009.
- Aliens: Colonial Marines, 2013: onyesho lilipendeza kuliko gemu. Wasimamizi wa matangazo Uingereza waliingilia kati, na Sega wakakubali kuweka maelezo ya tahadhari kwenye trela.
- Watch Dogs: onyesho la 2012 lilivutia sana, gemu ya 2014 ilizua ugomvi wa picha zilizopunguzwa.
- Cyberpunk 2077: Agosti 2018 walitoa video ya uchezaji ya dakika 48. Ilipotoka Desemba 2020, kwenye mashine za zamani ilikuwa na kasoro nyingi mno hadi Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kurudisha pesa za wateja. Ilirudi Juni 2021.

Desemba 2023: sauti ya kwetu

Tarehe 7 Desemba 2023, kwenye hafla ya The Game Awards, Abubakar Salim alipanda jukwaani. Ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wachezaji wanamjua kama sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Alizungumza kuhusu kumpoteza baba yake, kisha akaonyesha trela ya Tales of Kenzera: ZAU. Kijana mganga anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili arudishiwe baba. Masimulizi ya Kibantu, vinyago, rangi, ngoma. Na gemu ilipotoka tarehe 23 Aprili 2024 unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Hapo sasa Kiswahili kinamlilia baba, hakimfukuzi mtu na panga.

Angalieni pia mambo ya ufundi. Trela iliahidi gemu ya kutazama kwa ubavu, ya kukimbia na kuruka, na ndiyo iliyouzwa miezi minne na nusu baadaye, kwa dola 20. Ahadi ndogo, imetimizwa. Lakini kupigiwa makofi si kuuza: Julai 2024 studio ilitangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Wale wanaosema "tunataka gemu za kwetu" kila trela ikitoka, wakumbuke kwamba ubishi wa WhatsApp haulipi mishahara.

Mtaa unarudi

Na sasa mwisho wa kisa cha Mombasa. Kikundi cha Digsite, kilichokuwa kinafanya kazi na wenye Halo kuchimbua vipande vilivyoachwa kwenye hifadhi za zamani, kiliuchukua mtaa ule wa E3 2003 na kuujenga upya uendeshwe ndani ya Halo: The Master Chief Collection kwenye kompyuta. Ulitolewa bure tarehe 9 Novemba 2024, miaka 20 kamili tangu Halo 2 itoke.

Mimi hili ndilo linalonigusa kama mtu wa programu. Faili zilitunzwa. Mtu fulani mwaka 2003 alizihifadhi ingawa kazi yake ilikuwa imetupwa. Na kwa kuwa sasa mtaa unaendeshwa, unaweza kufanya kile ambacho waliokaa katika kile chumba cha giza hawakuweza: kuacha njia iliyopangwa, kugeuka nyuma, kwenda pembeni, na kuona pale ambapo mji unaisha.

Basi tutazame vipi?

Gemu kubwa sasa zinauzwa kwa dola 70, takriban shilingi 9,000 kwa kiwango cha 2025. Kwa kijana anayejilipia mwenyewe hizo si pesa za kurusha. Kabla hujalipia kitu ambacho hakijatoka, angalia haya:

1. Soma maandishi madogo. "Imenaswa ndani ya injini" maana yake programu ilichora picha. Haisemi kuna mtu alikuwa anacheza. Trela ya pili ya GTA VI, Mei 2025, wenyewe walisema imenaswa kwenye PS5, nusu uchezaji na nusu vipande vya hadithi. Kauli ya namna hiyo ina maana: mashine imetajwa, na unaweza kuwadai baadaye.
2. Fuata kamera. Mchezaji wa kweli anasita, anakosa shabaha, anagonga ukuta. Kamera isiyokosea kamwe imepangwa.
3. Uliza mashine gani. Cyberpunk ilionyeshwa kwenye kompyuta yenye nguvu, wengi wakainunua kwa PS4.
4. Tafuta pembe. Wanakuonyesha mtaa mmoja au mji?
5. Pakiwa ni mahali unapopajua, sema. Jina likikosewa, lugha ikiwekwa pasipo pake, watu wa mahali wakikosekana, andika wakati bado kuna mtu ofisini anayeweza kubadilisha faili.
6. Ukinunua Steam, kumbuka unaweza kuomba pesa zako ndani ya siku 14 kama hujacheza zaidi ya saa 2.

Ile namba 5 naisisitiza. Mwaka 2003 kizuizi kilikuwa modemu. Kizuizi hicho kimeondoka. Video ikitoka Los Angeles saa hii, mtu wa Kapseret anaiona dakika hii hii. Nguvu ya kusema mapema tunayo, na lugha ya kusemea tunayo.

Mwenye kompyuta na ile gemu, pakueni mtaa wa 2003 mkautembelee wikendi hii. Wasomaji wa Mombasa hasa, nawangoja: niambieni kama kuna hata ukuta mmoja unaofanana na kwenu.